Nyumba za Mchanga: Sababu ya Watu Kujenga Mahali Patakapofikiwa na Maji





Katika pwani yote ya Wabajuni, tangu Kisimayu mpaka Koyama, Chovai, Chula na Darakasi, na kusini hata Ras Kiamboni, lipo jambo moja ambalo karibu kila mtu amelitenda, na ni wachache walioliuliza sababu yake. Maji yakishakupwa, na mchanga ukabaki na ubichi wake, watoto hushuka pwani, wakapiga magoti, wakaanza kujenga. Hujenga nyumba, na kuta, na visima, na njia za kupita watu wasiokuwapo. Huweka kombe mahali pa milango na mwani mahali pa makuti. Kisha maji hujaa. Yakishajaa hapabaki alama ya ukuta hata mmoja. Na kesho yake, maji yakipwa, watoto wale wale hurudi mahali pale pale wakaanza upya.

Mwenye akili akilitazama jambo hili hana budi kustaajabu. Mvuvi hategi dema mahali anapojua kuwa hapana samaki. Mkulima hapandi mtama juu ya jiwe. Na fundi wa nyumba hapokei kazi ya jengo litakalodumu saa sita. Basi ni kwa nini mwanadamu, ambaye hutaka faida katika kila tendo lake, ajenge mahali ambapo anajua kwa yakini kwamba jengo lake litabomoka kabla ya adhana ya Magharibi?

Majawabu mawili hutolewa mara nyingi. La kwanza ni kwamba huo ni upuuzi, na kwamba mtoto yule angalikaa chuoni akadurusu ingalikuwa bora kwake. La pili ni kwamba huo ni utoto tu, nao utapita. Jawabu la kwanza lina ukali, na la pili lina uvivu. Na yote mawili hayatoshi, kwani wajengao kwa mchanga si watoto peke yao. Katika mji wa Blokhus, nchi ya Denmark, mwaka wa 2021, watu wazima, mafundi khasa, walisimamisha jengo la mchanga lenye urefu wa mita 21 na sentimita 16, likahesabiwa kuwa refu kuliko yote yaliyopata kujengwa duniani. Tena jambo lenyewe si la leo. Homer, mshairi wa Wayunani wa kale, aliyekuwapo kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa kwa miaka mingi, alipotaka kueleza jinsi boma kubwa la vita lilivyobomolewa kwa wepesi, alilifananisha na mchanga ambao mtoto huujenga ukingoni mwa bahari kisha akautawanya kwa mikono na miguu. Mshairi hafananishi jambo ila na kitu ambacho wasikilizaji wake wote wanakijua. Kwa hivyo ni dhahiri kwamba tangu zamani hizo watoto wa pwani walikuwa wakijenga, na wakubwa wao walikuwa wakiwatazama.

MCHANGA NA MAJI

Kabla ya kuuliza kwa nini mtu hujenga, yafaa kujua ni vipi mchanga hukubali kujengwa. Mchanga mkavu haujengeki. Mtu akiumimina hufanya kilima kidogo, na akitaka kuukuza ukawa ukuta huporomoka. Mchanga uliojaa maji pia haujengeki, maana hutiririka kama uji. Baina ya hali hizi mbili ipo hali ya tatu, nayo ni ya mchanga wenye ubichi tu. Maji machache hukaa baina ya chembe na chembe, yakawa mfano wa daraja dogo, na kila daraja huzivuta chembe mbili zikakaribiana. Ndiyo sababu ile ile inayozifanya nywele za mtu atokaye kuoga zishikamane. Maji yakizidi, nafasi zote baina ya chembe hujaa, madaraja yale hutoweka, na jengo huanguka.

Mwaka wa 2012 mtaalamu Daniel Bonn wa Amsterdam pamoja na wenzake waliandika matokeo ya uchunguzi wao wa jambo hili. Walikuta kwamba mchanga huwa na nguvu zaidi ukiwa na maji kidogo mno, kiasi cha sehemu 1 tu katika sehemu 100. Tena walithibitisha kwa hesabu kwamba kadiri kitako cha jengo kinavyopanuka, ndivyo kimo chake kinavyoweza kuongezeka.

Mtoto wa Kisimayu hakusoma vitabu vya wataalamu hao. Walakini mtazame anaposhuka pwani. Hajengi juu kabisa, penye mchanga mweupe unaopeperuka, wala hajengi chini palipo na majimaji. Hutembea akaukanyaga mchanga, akaujaribu kwa kisigino, akasimama mahali unapomjibu. Kisha hupanua chini kabla ya kupandisha juu. Elimu hiyo hakupewa kwa maneno. Aliipata mkononi mwake kwa kubomokewa mara nyingi.

Na mchanga wenyewe una khabari zake. Ule wa visiwani, sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi kwa karne nyingi. Ule wa karibu na Gobwen, unapoingia baharini Mto Juba kaskazini ya Kisimayu, umechanganyika na mchanga na udongo ulioletwa na mto kutoka milima ya Uhabeshi. Mtoto anapofinyanga tonge moja la mchanga huo ameshika mkononi mwake bahari na bara kwa pamoja.

SABABU ZA KUJENGA

Wako viumbe wengine wajengao kwa mchanga. Katika pwani za Bahari ya Shamu yuko kaa wa mchangani, jamaa wa hawa kaa weupe wanaokimbia mbio katika fuo za Afrika Mashariki, ambaye dume lake huchimba shimo la kuzunguka, kisha mchanga alioutoa akaurundika kando ukawa kama kilima chenye ncha. Wataalamu waliomchunguza wamesema kwamba kilima kile ni ishara: humwita jike, na huwaonya madume wengine wasikaribie. Kaa basi anajenga kwa haja ijulikanayo. Lakini mtoto wa mwanadamu hajengi nyumba ya mchanga ili apate mke, wala hifadhi, wala chakula. Sababu zake hazina budi kutafutwa ndani ya nafsi yake, nazo ni hizi tano.

Ya kwanza ni kuiga. Jicho la mtoto huona mambo makubwa asiyoweza kuyafanya: baba anajenga ukuta, mafundi wanaunda jahazi, wanaume wanachimba kisima. Mkono wake unataka nao ufanye. Mawe ni mazito, mbao zina mwenyewe, na chombo cha fundi hakiguswi. Mchanga peke yake ndio usiomkataza. Kwa sababu hiyo kila mtoto hujenga alichokiona. Mtoto wa Ulaya hujenga ngome yenye minara, kwa kuwa ngome za wafalme wa kale zimejaa katika nchi zake na katika vitabu vyake. Mtoto wa visiwani hujenga nyumba na kisima, na msikiti, na bandari yenye vyombo.

Ya pili ni milki. Katika nyumba ya wazee wake mtoto hana neno. Huambiwa keti, akaketi. Huambiwa toka, akatoka. Lakini katika nyumba ya mchanga yeye ndiye mwenye kuamua mlango uelekee wapi na nani alale chumba gani. Huo ndio mwanzo wa kujifunza mamlaka, na mtu asiyejifunza mamlaka katika jambo dogo huwa ni hatari apewapo jambo kubwa.

Ya tatu ni ushirika. Mara chache huonekana mtoto mmoja akijenga peke yake kwa muda mrefu. Mmoja akianza, wa pili huja na kifuu cha maji, wa tatu hutafuta kombe, wa nne husimama akatoa shauri ambalo hakuombwa. Hugombana juu ya mpaka, wakapatana, wakagawana kazi. Mji mzima wa wakubwa umo mle: yumo fundi, yumo mchukuzi, yumo msemaji, na yumo mvivu.

Ya nne ni kukosea bila ya hasara. Aliyekosa katika kukata ubao ameharibu ubao, na aliyekosa katika kupima chokaa amepoteza chokaa. Aliyekosa katika mchanga hakupoteza kitu. Bahari humfutia ubao wake kila siku mara mbili, kama vile zamani ubao wa chuoni ulivyokuwa ukioshwa ili mwanafunzi aandike sabaki mpya. Wala hapana mwalimu asemaye kwamba ubao ule ulioshwa kwa kuwa maandishi yake yalikuwa upuuzi. Uliandikwa ili mkono ujue kuandika na moyo uhifadhi. Yakishapatikana hayo mawili, wino umekwisha kazi yake.

Ya tano, nayo ndiyo ya ajabu kuliko zote, ni maji yenyewe. Watu hudhani kwamba mtoto hujenga ijapokuwa maji yatakuja. Aliyetazama vizuri atasema kwamba hujenga kwa kuwa maji yatakuja. Maji yakianza kujaa ndipo kelele zinapozidi. Hujengwa boma upesi upesi, huchimbwa handaki, kila mmoja akaleta mchanga kwa viganja. Wimbi la kwanza huzuiwa, watoto wakashangilia. La pili hupasua pembe, wakaiziba. La kumi huchukua vyote, nao hucheka, wakaenda zao nyumbani wakiwa wamelowa. Mtoto yule amejifunza kushindana na jambo lenye nguvu kupita yeye, kufanya juhudi yake yote, na kushindwa bila ya kuvunjika moyo. Katika pwani ambayo kusi hufunga bahari kwa miezi, na ambayo baba huenda kuvua asijue atarudi na nini, hilo ni somo lenye thamani kubwa.

WATU WA ADI NA MTOTO WA PWANI

Huenda mtu akauliza: je, Qurani haikuwalaumu wajengao majengo ya bure? Ni kweli, na swali hili linastahiki jawabu. Katika Sura ya Ash-Shuaraa, Nabii Hud anawakemea watu wake, kina Adi, kwa kuwa walijenga alama juu ya kila mahali palipoinuka kwa mchezo na kujifakharisha, wakajifanyia majumba ya nguvu kana kwamba wataishi milele. Na liko jambo la kuzingatia: makao ya watu hao yalikuwa katika Al-Ahqaf, yaani nchi ya machuguu ya mchanga, ambayo ndiyo iliyoipa jina lake Sura ya 46, na ambayo wafasiri wengi wameitaja kuwa baina ya Omani na Hadharamauti. Watu wa Adi nao walijenga katika nchi ya mchanga.

Lakini itazamwe ile lawama imeangukia wapi. Haikuangukia mchanga, wala haikuangukia kujenga, kwani Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail walijenga, na Mtume mwenyewe alibeba matofali katika kujenga msikiti wake Madina. Lawama imeangukia kiburi, na dhana ya kwamba kilichojengwa hakitaondoka. Mtoto wa pwani yuko upande wa pili kabisa wa dhana hiyo. Yeye ameanza kazi yake akijua saa ya kubomoka kwake. Anajua maji mafu na anajua bamvua. Kama kuna mtu katika mji anayejua kwamba jengo halidumu, basi ni yeye.

Tena mchezo wa watoto haukukatazwa. Imepokewa kwamba Bibi Aisha alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwake farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume alipomuuliza khabari ya farasi huyo akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, Mtume alicheka. Hakumnyang'anya wala hakumkemea. Ikiwa farasi mwenye mbawa hakukatazwa, nyumba ya mchanga itakatazwa kwa hoja gani?

MAJUMBA YA MAWE NAYO HUANGUKA

Baadhi ya watu husema: vyema, mtoto na acheze, lakini mtu mzima ajenge kwa jiwe, maana jiwe hudumu. Ni maneno mazuri, ila yanahitaji kupimwa. Katika Koyama, Chovai na Chula yamo magofu ya mawe, misikiti na makaburi ya watu wa zamani. Wajenzi wao walikata matumbawe, wakayachoma kwa kuni mpaka yakawa chokaa, wakaiacha chokaa ikapoa na kulainika, kisha wakajenga. Kazi yao imesimama miaka mingi kuliko umri wa watu wengi. Lakini leo mizizi imo katika kuta, na mchanga umeingia milangoni.

Huko Unguja, Sayyid Barghash alijenga mwaka wa 1883 jumba la Beit al-Ajaib, likawa fakhari ya mji na la kwanza kuonwa na baharia aingiaye bandarini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na mafundi wawili waliokuwa katika kazi ya kulitengeneza wakafariki. Na tarehe 26 Desemba 2004 bahari yenyewe ilitoka mahali pake: tetemeko lililotokea mbali, upande wa Indonesia, lilileta mawimbi makubwa mpaka pwani ya Somalia, na mji wa Hafun katika kaskazini ukapata msiba mkubwa kuliko miji mingine ya pwani hiyo. Basi tofauti ya nyumba ya mchanga na nyumba ya jiwe si kwamba moja huanguka na nyingine haianguki. Tofauti yao ni ya muda.

Likishafahamika hilo, swali la mwanzo hugeuka. Halibaki kuwa ni kwa nini mtu ajenge kitakachobomoka, kwa kuwa kila kijengwacho kitabomoka. Swali huwa ni hili: kikishabomoka, kimebaki nini? Na hapo ndipo mchezo wa watoto unapokuwa jambo kubwa kwa Wabajuni kuliko kwa watu wengine.

MTEPE MKUBWA NA MTEPE MDOGO

Mababu wa watu wa visiwa hivi walikuwa mashuhuri kwa mtepe. Chombo kile hakikupigwa msumari wa chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, na watu husema kwamba omo lake lilifananishwa na shingo ya ngamia. Mitepe ilichukua boriti na shehena nyingine katika pwani hii kwa karne nyingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikatoweka, na majahazi yenye misumari yakashika mahali pake. Hakubaki mtepe hata mmoja baharini.

Miaka mingi baadaye, mwanzoni mwa karne hii ya 21, ulipotakiwa kuundwa tena mtepe huko Unguja ili vizazi vipya viuone, elimu ya chombo hicho ilipatikana wapi? Sehemu moja ilitoka katika picha na maandishi ya wageni. Sehemu nyingine ilitoka katika mitepe midogo, mifano ya kutazama tu, iliyofanywa na mikono ya watu wa pwani wenyewe na kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, kama yale ya Lamu na ya Mombasa. Chombo kikubwa kilichobeba shehena kimeoza. Kile kidogo, ambacho hakikubeba hata kibaba cha mtama, ndicho kilichohifadhi namna ya kushona. Na ule mtepe mpya ukaenda kuwekwa katika Beit al-Ajaib, lile jumba la mawe ambalo nalo halikusalimika.

Katika khabari hii mna mazingatio. Umbo la kitu hudumu kuliko kitu, maadamu kuna mkono unaolijua. Na mkono hulijua kwa kulifanya mara nyingi, hata kama ni kwa udogo, hata kama ni kwa mchanga.

Mwaka wa 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka na vita vikaenea, Wabajuni, ambao ni watu wachache na wasio na silaha, waliporwa vyombo vyao na mali zao, na wengi wakakimbia kwa bahari kwenda Kenya. Walikaa katika kambi karibu na Mombasa mpaka zilipofungwa. Wengine wakarudi Kisimayu na visiwani, wengine wakabaki Kenya, na wengine wakavuka mpaka Ulaya na nchi nyingine za mbali. Katika Uingereza walioomba hifadhi walitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni Wabajuni kweli: walipimwa lugha yao, wakaulizwa khabari za visiwa na maisha ya huko. Mtu aliulizwa juu ya nyumba yake wakati hana nyumba. Hakuweza kuonyesha ukuta. Aliweza kuonyesha tu kile alichokibeba kichwani. Ambaye utotoni mwake aliwahi kuchora visiwa vyake kwa kidole mchangani, hiki Koyama, hiki Chovai, hiki Chula, na hapa ndipo mlango wa maji, alikuwa na jawabu. Ambaye hakupata kufundishwa alisimama kimya mbele ya mwenye kalamu.

Na leo wako watoto wa Kibajuni waliozaliwa London na miji mingine, ambao hupelekwa pwani ya baridi siku ya mapumziko. Nao hujenga, kama watoto wote. Lakini hupewa ndoo ya plastiki yenye umbo la mnara, wakaigeuza, ikatoka ngome ya wafalme ambao si wao. Hakuna dhambi katika hilo. Ila mtoto yule angeweza pia kujua kujenga daka penye mlango wa nyumba, na zidaka katika ukuta, na kisima nyuma yake, na msikiti wenye mihrabu. Na hatajua asipoonyeshwa.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa hivyo yafaa wazee wayaangalie mambo machache.

Kwanza, mtoto asikemewe kwa kujenga mchangani baada ya kumaliza sabaki yake. Chuo na pwani si maadui. Akiitwa kwa Sala aitike, anawe, aende. Jengo lake halitamkasirikia.

Pili, mzee ashuke pwani naye. Akimkuta mtoto anajenga nyumba, amwambie jina la kila sehemu kwa Kitikuu cha kwao. Akimkuta anafanya jahazi, amwonyeshe omo, tezi, foromali na mkuku. Amweleze jinsi mababu walivyovua kasa kwa samaki chazo, aliyefungwa kamba mkiani akatumwa kwenda kujibandika. Maneno haya hayapatikani dukani, na mwenye kuyajua akifa nayo hufa, ikiwa hakuna mtoto aliyeyasikia.

Tatu, mtoto anapojenga msikiti wa mchanga aulizwe kibla kiko wapi. Aliyeko Kisimayu huelekeza mihrabu kaskazini, kwa kupinda kidogo upande wa magharibi. Aliyeko London huielekeza kusini mashariki. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja yuko mchanga wa joto na mmoja yuko mchanga wa baridi, wakijenga kwa siku moja, misikiti yao itaelekeana na mahali pamoja. Hakuna somo la jiografia wala la udugu lililo jepesi kufahamika kuliko hilo.

Nne, hatari ichungwe. Mchanga huua. Mwaka wa 2007 madaktari wa Marekani walichapisha khabari za watu 52 waliofukiwa na mashimo ya mchanga yaliyoporomoka, katika muda wa miaka kama kumi. 31 kati yao walikufa, na wengi wao walikuwa vijana na watoto waliokuwa wakicheza. Shimo kavu pembeni mwake halina maji ya kushika chembe, na likiporomoka hujaa kwa dakika moja. Basi mtoto asichimbe shimo lipitalo magoti yake, wala asiingie ndani ya pango la mchanga. Na mahali kasa alipotaga pasichimbwe, kwani mayai yake hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili kabla ya kuangua.

Tano, mtoto afundishwe kutobomoa cha mwenziwe. Bahari ikibomoa hapana lawama, maana hiyo ni amri ya Mwenye kuiamrisha. Lakini mguu wa mtu ukibomoa, hiyo ni dhulma, ijapokuwa ni mchanga. Watu wa visiwa hivi wanaijua tofauti hiyo. Maji yamewachukulia nyumba nyingi tangu zamani, wakajenga tena bila ya chuki. Yaliyowaumiza ni yale yaliyofanywa na mikono ya watu. Mtoto akiizoea heshima hiyo akiwa na umri wa miaka sita, huenda akikua akawa mtu ambaye jirani yake halali kwa hofu yake.

Basi watu hujenga kwa mchanga kwa sababu mkono unataka kujua, na moyo unataka kumiliki, na mtu hataki kuwa peke yake. Na kwa sababu kushindana na maji kuna furaha hata kwa atakayeshindwa. Na katika pwani hii iko sababu moja zaidi, ambayo wengine wamejaliwa wasiihitaji: kwamba wenye kuondolewa katika nyumba zao huzichukua kwa umbo, na umbo hukaa katika mikono ya watoto. Mwenye mtoto, basi, na amshike mkono ashuke naye maji yakipwa, kabla maneno hayajapotea.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa visiwa popote walipo, awarehemu waliozama wakikimbia, na awajaalie waliobaki kujenga kwa mchanga na kwa jiwe, bila ya kiburi na bila ya kukata tamaa. Amin.